Kuishi Kariakoo: maswali mnayoniuliza kila siku

Nikisema nakaa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, mtu anashangaa, "kwani kule watu wanakaa?" Afu maswali yanaanza, na huwa ni yaleyale, kutoka kwa ndugu wa mikoani, kutoka kwa wafanyakazi wenzangu, hadi kwa wapangaji wapya wa jengo letu. Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Nimezaliwa nyumba ya chini mtaani humu, baadae nikahamia ghorofani, mtaa nyuma tu ya pale. Kwahiyo naongelea ninachokijua. Na niseme mapema, naipenda Kariakoo, na nitakuwa mkali pale inapobidi kwasababu naipenda.

## Ya kuanzia

Hivi Kariakoo kuna watu wanaishi kweli au ni maduka tu?

Wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. Wewe ukija kununua vitenge unaangalia chini, kwenye fremu na meza za machinga. Nyanyua macho. Ukiona kanga zimeanikwa ghorofa ya tatu, ndoo kwenye kibaraza, dishi la king'amuzi, ujue pale kuna familia. Kwenye majengo mengi mpangilio ni huohuo, chini maduka, juu yake stoo, juu ya stoo watu. Na bado kuna nyumba chache za chini za zamani zimebaki katikati ya maghorofa, mbele wametoboa fremu lakini uani maisha yanaendelea kama zamani, mtu anakaanga samaki na mwingine anasuka.

Shida ni kwamba mipango mingi inapangwa kama vile saa mbili usiku maduka yakifungwa Kariakoo inabaki tupu. Haibaki tupu. Mwaka 2025 ilipozinduliwa biashara ya saa 24 watu wengi walifurahi, na mimi kibiashara naielewa, ila sisi wenye watoto wanaoamka saa kumi na moja kwenda shule tungependa na sisi tukumbukwe kwenye hesabu hizo.

Kariakoo inaanzia wapi na kuishia wapi?

Inategemea unamuuliza nani. Kiserikali ipo kata ya Kariakoo, halafu zipo Gerezani na Jangwani pembeni yake, zote Ilala. Ila mtu wa kawaida akisema Kariakoo anamaanisha kuanzia mtaa wa Lumumba na viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka ng'ambo kidogo ya barabara ya Msimbazi, na huku Gerezani mpaka kule bondeni Jangwani. Sio kubwa. Mtu mzima anaikata kwa mguu kwa dakika kama ishirini kukiwa hakuna watu, yaani Jumapili asubuhi. Siku ya kazi usiniulize dakika.

Jina limetoka wapi? Na mbona mitaa ina majina ya ajabu?

Hili nalipenda. Jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi mkubwa hapa, vita ikaja, Waingereza walipouteka mji 1916 wakaweka wapagazi wao eneo hili, na wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao, Kariakoo. Baada ya vita ukumbi ule ukageuka soko. Wapagazi wale walikuwa Waafrika waliobeba risasi, chakula na majeruhi mgongoni kwa mamia ya maili, na walikufa kwa wingi, sanasana kwa njaa na magonjwa. Kila ukitaja Kariakoo unawataja wao, na watu wengi hawajui.

Sasa angalia mitaa. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamuti, hizo ni sehemu za kusini, upande wa Lindi, palipopiganwa mwaka 1917. Aggrey ni jina la mwalimu maarufu kutoka Gold Coast, Ghana ya sasa, aliyepita Tanganyika mwaka 1924. Lumumba zamani iliitwa New Street, na pale ndipo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kwahiyo mtoto anayekua hapa anatumwa vitumbua kupitia historia nzima ya nchi. Mimi nilitumwa Narung'ombe mara elfu moja kabla hajatokea mtu wa kuniambia ni nini.

Soko lenyewe la sasa, lile lenye paa kama miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970. Kuhusu moto wa 2021 nimeongelea kwenye swali la moto huko chini.

Nyumba za zamani zilikuwaje na zilienda wapi?

Nyumba ya Kiswahili ilikuwa hivi: baraza mbele, mlango, korido ndefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, afu uani kuna choo, bafu, jiko na mara nyingi mti mmoja. Familia ya mwenye nyumba chumba kimoja au viwili, vingine wapangaji. Kiwanja ni kidogo lakini watu ishirini walikaa na wakaelewana.

Kilichozimaliza ni thamani ya kiwanja. Kuanzia miaka ya 90 biashara ilipofunguka, fremu moja ikawa inaingiza kuliko vyumba vyote sita. Wazee wakafa, warithi wakawa wengi, mwenye pesa akaja na mchoro wa ghorofa. Sehemu ambayo ilikuwa na familia nne sasa ina maduka na stoo na familia ishirini juu, ila bomba na barabara na chemba nyingi zilipangwa kwa ajili ya zile familia nne. Maswali ya maji, taka na kelele huko mbele, mengi chanzo chake ni hapo.

## Kupata chumba

Napataje chumba bila kupigwa?

Njia ya uhakika ni kumjua mtu anayekaa jengo hilo. Vyumba vizuri Kariakoo vinaondoka kwa maneno ya mdomo, mtu anahama leo, jirani anamwambia mdogo wake, kesho kimejaa. Ukikosa, ndo dalali. Kawaida dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanataka hela ya kuzungushwa kabla. Mpe ya kuzungushwa kama mmekubaliana, lakini ya chumba usimpe yeye. Kodi anapewa mwenye nyumba au msimamizi wake, kwa maandishi, na mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukimwambia mtu twende kwa mwenyekiti akaanza kukwepa, achana nae, hata chumba kiwe kizuri vipi.

Na nenda uone chumba mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku. Mchana utajua joto na vumbi na foleni ya ngazi. Usiku utajua kelele, taa za ngazini, na nani anafunga geti saa ngapi.

Kodi wanataka miezi mingapi?

Wengi miezi sita, wapo wanaong'ang'ania mwaka. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwahiyo bei ni makubaliano yenu na ndio maana mkataba ni muhimu kuliko urafiki. Chumba cha kuishi kinashindana na stoo, hilo likae kichwani. Mwenye nyumba akipata mfanyabiashara anayetaka kuweka mizigo chumba hichohicho, wewe na kitanda chako huna nguvu kama hakuna karatasi. Andikeni kabisa kwamba chumba ni cha makazi, notisi ni ya muda gani, luku na maji mnalipaje.

Niangalie nini kabla sijalipa?

Watu wanaangalia rangi na vigae. Vigae havimlindi mtu. Angalia hivi:

Ngazi. Ziko ngapi, upana gani, na zimejaa maboksi au ziko wazi? Jengo lenye ngazi moja tu halafu imegeuzwa stoo ya viatu, mimi silali humo, hata nipewe bure nakataa. Angalia ghorofa za chini wanahifadhi nini, maana kulala juu ya stoo ya magodoro na kulala juu ya stoo ya vyombo vya chuma sio kitu kimoja.

Dirisha linatazama wapi. Maghorofa yamebanana kiasi kwamba dirisha la chumba linaweza kuwa linatazama ukuta, mkono ukinyoosha unagusa. Hapo utawasha taa mchana na feni usiku na mchana, na hiyo ni luku. Chumba cha kona au kinachotazama barabara kina hewa ila kina kelele. Lazima uchague, vyote viwili hupati.

Maji yanafika kwa nguvu gani ghorofa hiyo, simtanki ziko ngapi juu, na pampu nani analipia umeme wake. Uliza wapangaji, usimuulize dalali. Nyufa na nguzo nimeziweka swali lake peke yake huko kwenye usalama, kasome hata kama huna haraka.

Bora nyumba ya chini au ghorofa?

Kama una mtoto mdogo au mzazi mzee na ukabahatika nyumba ya chini, chukua. Uani kuna jicho la kila mtu, mtoto akianguka anaokotwa na mama yoyote. Ila ujue choo ni cha wote, siri hakuna, na nyumba yenyewe inaweza kuvunjwa muda wowote (swali la kuvunjwa liko mwishoni). Ghorofani unapata choo chako na mlango wako, unapoteza baraza. Kwangu mimi kilichoniuma kuhama ni baraza, jioni hapana pa kukaa na kahawa na kuwaona watu wanapita.

## Umeme, maji, taka

Mbona luku yetu inaisha haraka hivi?

Hili swali naulizwa kuliko yote. Kwanza kabisa wapangaji mnatumia mita moja. Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi anawekwa kundi la bei nafuu, uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Sasa vyumba vitano vyenye friji na feni kwenye mita moja lazima mvuke hizo uniti 75, mnahamishiwa kundi la kawaida ambako uniti ni zaidi ya shilingi 350 ukijumlisha kodi. Kwahiyo hata wewe unaetumia taa moja na kuchaji simu unalipa bei ya wakubwa. Hakuna mtu anayekuibia hapo, ni kushare mita.

La pili, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku. Ukinunua mwanzo wa mwezi uniti zinakuja pungufu, afu mnaanza kushikana uchawi kwenye korido. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, mkubaliane kwenye mkataba mtakavyofidiana.

Dawa ni mita ndogo ya kila chumba, fundi anafunga, mwisho wa mwezi mnasoma na kugawana kwa haki. Jengo letu tuligombana miaka miwili kuhusu pasi ya mtu mmoja na friji ya mwingine, tulipofunga hizo mita ugomvi ukaisha wiki hiyohiyo. Na fundi awe wa kweli, sababu iko kwenye swali la moto.

Maji yapo?

Yapo ila ghorofa za juu yanapanda kwa pampu, umeme ukikatika na maji yamekatika. Kuwa na ndoo mbili tatu za lita 20 zimejaa muda wote, hiyo sio ushamba. Maji ya kunywa chemsha hata kama yanaonekana masafi, kwasababu matenki ya juu mengi hayaoshwi. Panda juu mwenyewe ukaangalie kama lina mfuniko. Sisi tulikuta halina, na njiwa walikuwa wanaogea.

Chemba zikifurika nimwambie nani?

Serikali ya mtaa na mamlaka ya maji siku hiyohiyo, pigeni simu nyote, asiachiwe mtu mmoja. Ila nikuambie chanzo kinachojirudia: mafuta ya kupikia na mabaki ya chakula yanamwagwa kwenye chemba, mifuko na vitambaa vinafuata. Mama lishe wapo wengi na tunawahitaji, nusu ya Kariakoo inakula kwao, lakini wakipewa dumu la kutupia mafuta machafu na mtu wa kulichukua tatizo linapungua kabisa. Taka za ndani toa siku ya gari. Ukiziweka barabarani jioni, usiku zinachambuliwa na asubuhi zimesambaa mbele ya duka la mtu ambaye hajakukosea.

## Kelele, magari na usafiri

Unalalaje?

Kwa kuzoea, na kwa kujua ratiba. Mchana ni spika za wauza nguo, "kumi kumi kumi", zinarudia mpaka unaota. Jioni zinanyamaza. Usiku wanaanza wapakuaji, maana malori ya kontena mengi yanaingia mitaani kukiwa kumetulia, na kijana akishusha marobota ghorofa ya kwanza wewe wa ghorofa ya nne unasikia kila robota. Alfajiri adhana, halafu mikokoteni na maguta. Umeme ukikatika jumlisha majenereta.

Weka kitanda ukuta wa mbali na barabara, weka pazia zito. Na kabla ya kwenda kugombana shuka ukaongee. Mwenye stoo ya chini yetu alikuwa anashusha mzigo saa nane usiku, mama mmoja wa jengo letu akashuka na mtoto mgonjwa mgongoni, akamsalimia, akamueleza. Siku hizi anashusha kabla ya saa tano au anasubiri alfajiri. Hakujua tu kama juu kuna watoto.

Nina gari, nitapaki wapi?

Usije na gari. Naongea kwa upendo. Mchana ushuru wa maegesho unakuhesabia, nafasi hakuna, na ukipata kuna mtu ataegesha bajaji nyuma yako aende kuswali. Wenye magari wengi wanalipia yadi ya mtu nje kidogo, Ilala au Gerezani, wanatembea. Hapa kila kitu kiko karibu, ndio faida yenyewe ya kubanana: hospitali ya Mnazi Mmoja, soko, shule za Uhuru, msikiti wa Mtoro, kanisa la KKKT, hadi Posta, vyote kwa mguu. Mwaka mzima mimi natumia nauli kidogo kuliko anayekaa pembezoni anavyotumia kwa miezi michache, na muda ndo usiseme.

Mwendokasi unasaidia?

Sana. Ulipoanza 2016 kituo cha Msimbazi na kile cha Gerezani vilibadilisha maisha, mtu wa Kimara anafika bila kupigana vikumbo vya daladala. Tatizo ni asubuhi na jioni, kujaa, na mvua kubwa ikinyesha barabara ya pale Jangwani inafungwa maji yakijaa. Siku hizo sisi wa huku tunaona jinsi bonde la Msimbazi linavyoweza kuukata mji vipande viwili.

Mafuriko yanafika Kariakoo?

Ya mto yanaishia kule bondeni. Desemba 2011 watu wa bondeni walipoteza nyumba na ndugu, wengi wakahamishiwa Mabwepande. Huku juu ni mitaro kuziba tu, maji yanaingia kwenye fremu za chini kwa saa kadhaa. Ila ukiambiwa chumba cha bei rahisi "karibu na Jangwani", uliza watu wa pale maji yaliwahi kufika ukuta gani, watakuonyesha alama.

## Majirani

Kuna sheria gani ambazo hazijaandikwa?

Salamu kwanza. Ukipita ngazini kuna mtu mzima sema shikamoo, hata kama jana hakuitikia vizuri. Ukiingia uani kwa watu piga hodi usubiri. Zamu ya kufagia korido na kuosha choo ikifika ni yako, usilipe mtoto wa mwenzio bila kumuuliza mama yake. Ukikaanga kitu chenye harufu nzito jirani mjamzito yupo, mpelekee kidogo. Viatu havikai ngazini (rudi swali la ngazi). Muziki chini baada ya saa nne.

Na jitambulishe kwa mjumbe siku unapohamia. Watu wanaona ni mambo ya kizamani, mpaka siku wanahitaji barua ya utambulisho ya benki au ya dhamana, wanagundua hakuna anaewajua.

Kwenye msiba au shughuli inakuwaje na nafasi ndogo hivi?

Barabara ndo ukumbi. Turubai linafungwa mtaani, viti vinakuja, na hata wenye maduka wanafunga nusu mlango. Ukiwa mgeni, msiba wa kwanza mtaani ndo kipimo chako, nenda hata kama humjui marehemu, kaa mkekani, changia unachoweza. Mimi mzee wangu alipofariki tulikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, na vijana wa fremu za chini, ambao nilikuwa nawalalamikia kelele kila wiki, ndo walioacha biashara zao wakamshusha kwa heshima hatua kwa hatua. Sijawahi kuwalalamikia tena kwa namna ileile.

Watoto wanacheza wapi?

Hili linaniumiza. Mnazi Mmoja ipo, lakini shughuli ni nyingi na mtoto wa miaka saba humruhusu kuvuka barabara zile peke yake. Wanacheza ngazini, kwenye paa, na Jumapili barabarani. Kama jengo lenu lina paa la zege, kaeni wapangaji muweke ukuta au nondo za urefu wa mtu mzima kabla ya kuruhusu mtoto yoyote kupanda. Sisi tulichangishana, kila chumba kidogokidogo, sasa jioni juu kule kuna kamba, kuna mpira wa soksi, na mama mmoja anafundisha kusoma.

Siku ya Simba na Yanga nitoke au nibaki?

Baki, ila nunua mahitaji mapema. Klabu zote mbili makao yake ni huku, Simba Msimbazi na Yanga Jangwani, ndo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo. Mechi ikiisha nusu ya mtaa inaimba na nusu imefunga madirisha. Nyumba moja ina mashabiki wa pande zote na wanashare sufuria, kwahiyo usiogope.

## Usalama

Wizi ukoje?

Ndani ya mitaa ya makazi ni nafuu kuliko unavyosikia, macho ni mengi. Simu na pochi ndo zinaondoka, kwenye msongamano wa mtaa wa Congo na kwenye vituo. Mizigo beba mbele. Mkianza kufahamiana na vijana wa bodaboda wa kona yenu umemaliza nusu ya kazi.

Moto ukitokea?

Namba ya zimamoto ni 114. Iandike ukutani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, wengine tulikesha juu ya mapaa tukiangalia cheche zinaelekea wapi, na wafanyabiashara walipoteza mtaji wa maisha yote. Tangu siku ile sina mzaha na waya.

Kwenye majengo ya kupanga hatari ninayoiona zaidi ni waya: soketi moja imechomekwa tatu nyingine, waya wa chumba kimoja umefungiwa majiko mawili ya umeme, fundi wa bei chee. Inayofuata ni gesi na mkaa kwenye korido. Halafu geti la ngazi limefungwa kufuli usiku na ufunguo anao mlinzi mmoja. Kila mpangaji awe na ufunguo wa geti, hilo lipiganieni hata kama mwenye jengo hataki. Na magari ya zimamoto hayapiti kama meza na magari yamejaa njia nzima, kwahiyo suala la nafasi barabarani ni suala la uhai wetu wa juu.

Nimeona nyufa kwenye jengo letu, nifanye nini?

Usisubiri. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa moja lilianguka hapa kwetu, pale Mchikichi na Congo. Watu zaidi ya 20 walikufa. Wengine walinasa chini wakawa wanaongea na ndugu zao kwa simu, na sisi tuko juu tunasikia tunaambiwa tunyamaze ili waokoaji wasikie. Huwezi kuusahau ule ukimya, Kariakoo nzima kimya. Baada ya pale serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Mpangaji anaweza kuangalia haya: ufa unaopita kwa mshazari kutoka kona ya dirisha na unaongezeka (weka alama ya kalamu na tarehe mwisho wa ufa, rudi baada ya wiki), mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama, nguzo imebanduka zege na nondo inaonekana, sakafu imeinama. Na zaidi ya yote, mtu anapochimba chini, anapovunja ukuta au nguzo ili apanue fremu, au anapoongeza ghorofa juu ya jengo la zamani. Ukisikia nyundo kubwa chini yako una haki ya kuuliza kibali cha ujenzi kiko wapi na mhandisi ni nani. Site halali inabandika kibao chenye majina hayo.

Ripoti kwa maandishi kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mhandisi ya halmashauri, piga picha, wapangaji wengi msaini. Mmoja akilalamika anaambiwa ahame, kumi wakisaini inakuwa faili. Na kama nondo zinaonekana au vishindo vinaendelea, toa familia kwanza, barua baadae. Kodi uliyolipa isikushike miguu.

## Mambo ya pembeni ila yanaulizwa

Mwenye nyumba anasema anavunja, nimelipa mwaka mzima.

Mkataba wako unaendelea mpaka uishe au mpaka mkubaliane fidia. Nenda kwa mwenyekiti kwanza, afu kama haisaidii Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Usikubali kuondoka kwa ahadi ya mdomo kwamba utarudi jengo likiisha, sijaona aliyerudishwa.

Familia yetu ina nyumba ya urithi na kuna mtu anataka kuingia ubia ajenge ghorofa. Tukubali?

Naelewa tamaa yake, kiwanja ni dhahabu. Lakini kabla ya mchoro, malizeni mirathi. Msimamizi ateuliwe mahakamani, warithi wote wajulikane, hata yule shangazi aliyeko Tabora. Nyumba nyingi Kariakoo zimekwama mahakamani miaka kwasababu kaka mmoja alisaini peke yake. Kwenye mkataba wa ubia muandike mnapata ghorofa zipi kwa namba, nani analipa kodi mnapokaa wakati wa ujenzi, na baada ya miaka mingapi jengo lote linarudi kwenu. Tafuteni wakili wenu, msitumie wa mwekezaji. Na ombeni sehemu ya kuishi. Familia nyingi zilipewa fremu tu, zikahamia Chanika na Mbagala, na wazee waliokaa hapa tangu kabla ya uhuru wakafia mahali wasipojua hata jirani.

Naweza kununua chumba tu ndani ya ghorofa na kikawa changu?

Sheria inaruhusu, ipo sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008, unapata hati ya sehemu yako. Hakikisha jengo lenyewe limesajiliwa hivyo. Karatasi ya mauziano ya kuandikishiana tu bila hati hiyo ni sawa na kulipa kodi ndefu.

Mama yangu ni mzee, nimlete aishi nami ghorofa ya nne?

Lifti kama ipo usiihesabu. Mimi wangu nilimleta, na nilichojifunza ni hiki: atafutiwe chumba ghorofa ya kwanza hata kikiwa kidogo, badilishana na jirani, ongeza hela, fanya lolote. Akikaa juu anakuwa mfungwa, hashuki wiki nzima. Tulipobadilishana na kijana mmoja wa ghorofa ya kwanza mama akaanza kushuka asubuhi, anakaa kwenye kigoda mbele ya duka la kanga, muuza duka anamsalimia, muuza kahawa anampa kikombe, saa nne anapanda mwenyewe. Dawa za presha bado anameza zilezile, ila chakula anamaliza.